Thamani ya Nafasi ya Pili: Miaka Sabini ya Pointi katika Mbio za Langalanga

Mwaka 1958 Stirling Moss alishinda mbio nne za ubingwa wa dunia wa langalanga. Mwingereza mwenzake, Mike Hawthorn, alishinda moja tu. Msimu ulipofungwa, taji lilikwenda kwa Hawthorn: pointi 42 kwa 41. Hakuna aliyedanganya wala kupendelewa. Hesabu ilipigwa kama kanuni ilivyotaka, na kanuni ilikuwa imeandikwa kabla ya gari la kwanza kuwashwa.

Tangu hapo mbio hizi za Formula 1 zimebadilisha namna ya kugawa pointi mara nyingi, na karibu kila badiliko lilizaliwa na malalamiko ya msimu uliotangulia. Anayesoma historia hii kwa makini ataona kwamba swali lililojificha chini ya mabadiliko yote ni moja: aliyemaliza wa pili anastahili kupata kiasi gani cha kile anachopata mshindi? Jibu la swali hilo ndilo linalomwambia dereva aliye nyuma ya mwenzake, zikiwa zimebaki dakika kumi, kama ajaribu kumpita au atulie alipo.

Ubingwa wa dunia ulianza Silverstone, Uingereza, Mei 1950. Mshindi alipewa pointi 8, wa pili 6, wa tatu 4, wa nne 3 na wa tano 2. Pointi moja zaidi ilikwenda kwa dereva aliyeweka mzunguko wa kasi zaidi. Msimu ule ulikuwa na mbio saba, lakini kila dereva alihesabiwa matokeo yake manne bora tu; yaliyobaki yalitupwa.

Kanuni ya kutupa matokeo inashangaza leo, lakini wakati ule ilikuwa na hekima yake. Magari yalikuwa yakiharibika ovyo: injini zilipasuka, giaboksi zilikatika, oili ilimwagika. Dereva bora angeweza kushindwa kumaliza nusu ya mbio bila kosa lake. Tena, mbio za Indianapolis za Marekani zilihesabiwa katika ubingwa hadi 1960, ingawa timu za Ulaya hazikwenda huko isipokuwa kwa nadra. Kuhesabu matokeo bora pekee kulikuwa njia ya kumlinda dereva dhidi ya bahati mbaya. Hata hivyo, mwaka ule wa kwanza kanuni ilimuumiza mtu. Luigi Fagioli alikusanya pointi 28, moja zaidi ya Juan Manuel Fangio. Baada ya kutupa yaliyozidi alibaki na 24 na kushuka hadi nafasi ya tatu, nyuma ya Giuseppe Farina aliyekuwa bingwa na Fangio aliyekuwa wa pili.

Nayo pointi ya mzunguko wa kasi ilikuwa na vituko vyake. Silverstone, mwaka 1954, saa za waamuzi zilipima kwa sekunde kamili, bila sehemu za sekunde. Madereva saba walionekana kuwa na muda uleule. Pointi moja ikagawanywa mafungu saba, kila mmoja akapata sehemu yake.

Kufikia 1958 msimu ulikuwa na mbio 11, na matokeo sita bora ndiyo yaliyohesabiwa. Moss aliendesha Vanwall, Hawthorn aliendesha Ferrari. Moss alikuwa mtu wa kushinda au kuharibikiwa. Hawthorn alikuwa akimaliza wa pili: Ubelgiji, Uingereza, Ureno, Italia, na mwisho Morocco. Katikati ya hizo alishinda Ufaransa. Tena aliweka mzunguko wa kasi zaidi mara tano, Moss mara tatu.

Mbio za Ureno, mjini Porto, ndizo zilizobeba msimu mzima. Moss alikuwa mbele kabisa. Timu yake ilimwonyesha ubao wa kumjulisha kwamba Hawthorn ameweka rekodi ya mzunguko, lakini Moss hakuuelewa ujumbe ule, akaendelea kwa mwendo wake na kushinda bila kuitafuta pointi ile. Baadaye Hawthorn alishtakiwa kwa waamuzi kwamba, baada ya gari lake kuteleza na kuzimika, aliliwasha tena kwa kulisukuma kuelekea upande usio wa mbio. Adhabu ilikuwa kufutiwa matokeo. Aliyesimama kumtetea ni Moss. Alieleza kwamba mwenzake alikuwa nje ya njia ya mbio alipofanya hivyo. Waamuzi walikubali, na Hawthorn akabaki na pointi zake 7: sita za nafasi ya pili na moja ya mzunguko wa kasi.

Fainali ilikuwa Casablanca, Morocco, tarehe 19 Oktoba. Moss alifanya yote yaliyowezekana: alishinda, na akaweka mzunguko wa kasi zaidi. Lakini Hawthorn alihitaji nafasi ya pili tu, na Phil Hill, dereva mwenzake wa Ferrari, alipunguza mwendo akampisha. Siku hiyohiyo Stuart Lewis-Evans, dereva mwenzake Moss, aliungua vibaya gari lake lilipoanguka, akafariki siku chache baadaye. Hawthorn alistaafu akiwa bingwa, na Januari 1959 akafa katika ajali ya barabarani. Moss hakuwahi kuwa bingwa wa dunia maisha yake yote.

Tuchukue kalamu tupige hesabu. Tukiondoa pointi zote za mzunguko wa kasi, huku tukihesabu matokeo sita bora ya kila mmoja, Moss anapata 38: ushindi nne na nafasi moja ya pili. Hawthorn naye anapata 38: ushindi mmoja na nafasi tano za pili. Sare. Ushindi nne unalingana na ushindi mmoja, kwa sababu wa pili alikuwa akilipwa asilimia 75 ya malipo ya mshindi. Kilichobaki kikaamuliwa na ile pointi moja ya kasi.

Wakuu wa mchezo walibadilisha kanuni hatua kwa hatua. Mwaka 1960 pointi ya mzunguko wa kasi iliondolewa, ikapewa dereva wa sita. Mwaka 1961 ushindi ulipandishwa kutoka pointi 8 hadi 9. Malipo ya wa pili yakashuka hadi theluthi mbili ya malipo ya mshindi. Kwa kanuni hiyo Moss angepata 42 na Hawthorn 39. Badiliko la pointi moja tu lingempa taji mtu mwingine.

Jeraha la pili, lile la kutupa matokeo, liliachwa wazi kwa miaka 30. Mwaka 1964 Graham Hill alikusanya pointi 41 na John Surtees 40, lakini bingwa akawa Surtees, kwa kuwa Hill alilazimika kuziacha pointi mbili na kubaki na 39. Mwaka 1979, Jody Scheckter wa Afrika Kusini alipokuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa huu, msimu uligawanywa vipande viwili na kila dereva alihesabiwa matokeo manne bora ya kila kipande. Alan Jones wa Australia alishinda mbio nne katika kipande cha pili, ushindi mmoja zaidi ya aliopata Scheckter mwaka mzima. Alipofika mbio ya mwisho Marekani na kuongoza kabla ya gari kumharibikia, alikuwa akishindania kitu ambacho kisingemwongezea hata pointi moja. Nafasi zake nne zilikuwa zimejaa.

Kanuni hiyo ilifika kileleni mwaka 1988. McLaren ilikuwa na madereva wawili bora duniani, Ayrton Senna wa Brazili na Alain Prost wa Ufaransa, na gari lililoshinda mbio 15 kati ya 16. Prost alimaliza mbio 14, na katika zote 14 alikuwa wa kwanza au wa pili: ushindi saba, nafasi za pili saba. Alikusanya pointi 105. Senna alishinda mara nane na kukusanya 94. Lakini matokeo yaliyohesabiwa yalikuwa 11. Prost alilazimika kutupa nafasi tatu za pili, pointi 18 zikaenda na maji, akabaki na 87. Senna aliacha pointi nne tu, akabaki na 90.

Kanuni ile iliwaongoza madereva barabarani kabla ya kuonekana kwenye karatasi za hesabu. Suzuka, Japani, tarehe 30 Oktoba, Senna alijua kwamba akishinda amekuwa bingwa. Taa zilipowaka gari lake lilizimika. Bahati yake, njia ya pale huteremka, gari likajiviringisha hadi injini ikawaka tena, huku magari mengine yakimpita kulia na kushoto. Alianza upya akiwa wa 14. Mvua ikaanza kunyunyiza. Akawapita mmoja baada ya mwingine, hadi akamfikia Prost na kumpita naye. Dereva anayehesabiwa kila matokeo angekuwa na sababu ya kuridhika na nafasi ya pili siku ile. Senna hakuwa nayo, kwa sababu kilichokuwa na thamani kwake kilikuwa ushindi.

Wapo hadi leo wanaosema Prost alidhulumiwa. Mimi sioni dhuluma, kwa maana wote wawili waliijua kanuni tangu Januari. Lakini ni kweli kwamba kanuni ilikuwa imepitwa na wakati. Magari yalikuwa yameimarika, na kinga dhidi ya bahati mbaya ilikuwa imegeuka adhabu kwa anayemaliza kila mbio. Mwaka 1991 kutupa matokeo kulifutwa, na wakati huohuo ushindi ukapandishwa hadi pointi 10. Wa pili alibaki na 6. Naiona hii kuwa mizani nzuri kuliko zote zilizowahi kutumika: kila mbio inahesabiwa, lakini wa pili anaambulia asilimia 60 tu, kwa hiyo ana njaa ya kutosha kumsukuma mbele.

Mizani hiyo ilidumu hadi Michael Schumacher alipoielemea. Mwaka 2002 Mjerumani huyo wa Ferrari alishinda mbio 11 kati ya 17, na hakukosa jukwaa la washindi hata mara moja. Taji alilitwaa Ufaransa tarehe 21 Julai, zikiwa zimebaki mbio sita. Watazamaji walizima televisheni. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, likatafuta dawa. Kuanzia 2003 pointi zilitolewa hadi nafasi ya nane, jambo lililozisaidia timu ndogo, na wa pili akapandishwa kutoka 6 hadi 8. Ghafla nafasi ya pili ikawa na thamani ya asilimia 80 ya ushindi, kubwa kuliko wakati wowote uliopita.

Kwa macho ya haraka dawa ilifanya kazi. Mwaka 2003 ubingwa ulikwenda hadi mbio ya mwisho, Schumacher akamshinda Kimi Räikkönen wa Finland kwa pointi 93 dhidi ya 91. Lakini Schumacher alikuwa ameshinda mbio sita, Räikkönen moja. Nimeyapitia matokeo yao yote 16 kwa kanuni ya zamani. Schumacher angekuwa na 77 na Räikkönen 67, na kabla ya mbio ya mwisho tofauti ingekuwa pointi 16 wakati ushindi una thamani ya 10. Taji lingekuwa limeamuliwa Marekani, wiki mbili kabla. Msisimko ulitengenezwa kwenye karatasi.

Gharama yake ilionekana 2005. Fernando Alonso wa Hispania na Räikkönen walishinda mbio saba kila mmoja. Lakini Alonso alikuwa ameanza msimu kwa kasi, na mpinzani wake, hata akishinda, alikuwa akipunguza pointi mbili tu kila Alonso alipomaliza wa pili. Aliyetangulia hakuhitaji kupigana. Kwa haki kabisa Alonso alilinda alichokuwa nacho, akatwaa taji Brazili kwa nafasi ya tatu, zikiwa zimebaki mbio mbili. Räikkönen alipotoka nafasi ya 17 na kushinda Suzuka kwa kumpita kiongozi katika mzunguko wa mwisho, taji lilikuwa limeshapata mwenyewe.

Kisha ikaja São Paulo, tarehe 2 Novemba 2008. Felipe Massa alivuka mstari akiwa mshindi nyumbani kwao Brazili, na gereji ya Ferrari ikalipuka kwa shangwe. Kwa sekunde kadhaa alikuwa bingwa. Lewis Hamilton alihitaji nafasi ya tano, naye alikuwa wa sita kwenye njia iliyolowa. Katika kona za mwisho kabisa alimpita Timo Glock, ambaye matairi yake ya njia kavu yalikuwa yakiteleza. Hamilton bingwa, 98 kwa 97. Massa alikuwa ameshinda mbio sita, Hamilton tano. Kwa kanuni ya kabla ya 2003, Massa angekuwa na 83 na Hamilton 80.

Hapa yafaa tuwe waadilifu. Hesabu ya namna hii inaonyesha kanuni ilivyopima, lakini haithibitishi nani angekuwa bingwa. Siku ile timu ya Hamilton ilipanga mbio nzima kwa ajili ya nafasi ya tano, kwa kuwa kanuni iliwaambia inatosha. Wangeambiwa inatakiwa nafasi ya pili, wangeendesha mbio nyingine. Dereva huendesha kwa kufuata kanuni iliyopo.

Mwisho ule uliwatikisa wakuu. Bernie Ecclestone, aliyekuwa akisimamia biashara ya mchezo, alipendekeza medali: mwenye dhahabu nyingi awe bingwa. Machi 2009, siku chache kabla ya msimu, FIA ilitangaza kwamba taji litakwenda kwa mwenye ushindi mwingi. Timu zilipinga vikali, kwa sababu ya kubadilishiwa masharti wakati msimu uko mlangoni, na ndani ya siku tatu mpango ukawekwa kando.

Mwaka uliofuata timu mpya ziliingia, idadi ya magari ikafika 24, na pointi zikapanuliwa hadi nafasi ya kumi. Pendekezo la kwanza lilikuwa 25 kwa mshindi na 20 kwa wa pili, yaani asilimia 80 ileile. Kabla ya msimu kuanza lilirekebishwa: wa pili 18, asilimia 72. Pointi mbili hizo, zilizopunguzwa kimyakimya mezani, ndizo badiliko bora la zama hizi. Mwaka 2010 madereva wanne walifika Abu Dhabi wakiwa bado na matumaini. Alonso alikuwa akiongoza, lakini alikwama nyuma ya gari la Vitaly Petrov kwa sehemu kubwa ya mbio, na Sebastian Vettel, aliyeingia akiwa wa tatu, akashinda mbio na taji. Mpangilio huo wa 25 na 18 upo hadi leo.

Majaribio hayakukoma. Vettel aliposhinda mbio tisa mfululizo mwishoni mwa 2013, FIA iliamua kwamba mbio ya mwisho ya 2014 itoe pointi maradufu. Hamilton alifika Abu Dhabi akiwa na ushindi kumi dhidi ya tano za Nico Rosberg, lakini tofauti yao ilikuwa pointi 17 huku mezani ziko 50. Gari la Rosberg liliharibika na Hamilton akashinda, kwa hiyo balaa halikutokea. Wapenzi walikuwa wameipinga kanuni hiyo tangu mwanzo, nayo ikafutwa baada ya msimu huo mmoja.

Mwaka 2019 pointi ya mzunguko wa kasi ilirudishwa, safari hii kwa dereva aliye katika kumi bora. Yaliyojiri Singapore 2024 yangemkumbusha Moss mengi. Daniel Ricciardo, aliyekuwa nyuma kabisa, aliweka matairi mapya na kuchukua mzunguko wa kasi zaidi. Yeye hakupata pointi, lakini alimnyima Lando Norris, aliyekuwa akimfukuzia Max Verstappen kileleni. Kuanzia 2025 pointi hiyo imeondolewa tena, kama ilivyoondolewa 1960.

Hata rali zimepita njia hiyohiyo. Mwaka 2024 ubingwa wa dunia wa rali, ambao Safari Rally ya Kenya ni sehemu yake, uligawa pointi kwa siku: sehemu kubwa kwa msimamo wa Jumamosi jioni, na nyingine kwa mwendo wa Jumapili peke yake. Nia ilikuwa kuwazuia madereva wasitembee taratibu siku ya mwisho. Matokeo yake, Esapekka Lappi alishinda rali ya Sweden na kuondoka na pointi chache kuliko Elfyn Evans aliyemaliza wa pili. Msimu uliofuata mpango huo ulibadilishwa, na mshindi akarudishiwa pointi 25.

Historia hii inanifundisha kipimo ambacho ningependa kila anayekaa kwenye meza ya kuandika kanuni akitumie. Kwanza, kanuni itangazwe mapema na iheshimiwe hadi mwisho wa msimu, kwa sababu dereva anahatarisha maisha yake kwa kuiamini. Pili, kila mbio iwe na uzito mmoja, ya Machi kama ya Desemba. Tatu, na hili ndilo kubwa, kanuni isipimwe kwa idadi ya mbio zinazopita kabla ya bingwa kujulikana. Msimu wa 2003 ulidumu hadi siku ya mwisho kwa kupunguza thamani ya ushindi, na mchezo ukalipa deni hilo kwa miaka saba. Bingwa anaweza kupatikana Julai bila mchezo kupungukiwa heshima, mradi amewashinda wenzake barabarani. Kinachoumaliza mchezo ni dereva wa pili mwenye gari lenye nguvu ya kumpita aliye mbele, ambaye anapiga hesabu na kuona kujaribu hakuna faida.